Taimauti ya Wazee Saba

Tulimwacha kocha Kon Dut kwenye uwanja wa saruji mjini Lodwar, kiganja kimoja amekilaza juu ya vidole vya kingine, akimwomba refa taimauti. Zimebaki sekunde ishirini na nane fainali iishe. Wasichana wake wa timu ya Mbuni wako nyuma kwa pointi moja, 57 kwa 58 za wageni wa Kitale. Akageuka kuwaita wachezaji wake watano. Badala yao akaona wazee saba wanaingia uwanjani, kila mmoja na ekicholong yake mkononi, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila kuwa nacho.

Hapo ndipo nilipowakatia utamu. Mmenisema wiki nzima, nimesikia. Haya, tuendelee.

"Wazee wangu, mnakwenda wapi?" Kon aliuliza.

"Si umeita mkutano?" alijibu Lopeyok, mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, huku akitafuta mahali pazuri pa kuweka kigoda chake.

"Nimeita taimauti, mwenyekiti. Ni ya wachezaji. Dakika moja tu."

"Dakika moja inatosha. Tutafupisha."

Msomaji, mtu akisema mbele ya kipaza sauti kwamba atafupisha, wewe tafuta kivuli.

Wazee wakaketi nusu duara kwa kufuata umri, vilevile wanavyoketi wakigawana nyama. Wasichana wakabaki wamesimama nyuma yao, jasho likiwachuruzika, hawana pa kupenya. Mpwa wa mwenyekiti, Adome, kijana wa miwani ya jua na filimbi mbili shingoni, akamkabidhi mjomba wake kipaza sauti. Katibu akafungua daftari.

"Tuanze na maombi," alisema katibu.

Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. Akaombea mvua. Akaombea mbuzi na ngamia. Akaombea wote wanaosafiri kwa barabara ya Kainuk, waende salama na warudi salama. Kon alifumba jicho moja. La pili lilikuwa kwenye saa ya refa.

"Amina!" uwanja mzima uliitikia, hata Kitale.

"Ajenda ya kwanza," katibu alisoma, "ni kuthibitisha kumbukumbu za taimauti iliyopita. Nani anapendekeza?"

"Mimi!"

"Nani anaunga mkono?"

Ikainuka mikono mitatu kwa mpigo, ukazuka ubishi wa nani alitangulia.

Kon alihesabu sekunde kwa vidole. Huyu ni mtu aliyecheza mpira wa kikapu kwa kulipwa miaka kumi na minne. Alitolewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu moja tu: alikuwa na urefu wa mita mbili na bado suruali zilikuwa zinamkataa. Amecheza Tunisia, amecheza Romania kwenye theluji, amecheza Kigali. Vilabu kumi na kimoja, makocha kumi na tisa. Wamo waliomtukana kwa lugha ambazo hadi leo hajui walisema nini. Lakini katika wote hao hakuna aliyewahi kumthibitishia kumbukumbu.

Goti lilipokufa, akarudi Kakuma. Kwa mwaka mzima amekuwa akikanda unga wa chapati katika hoteli ya dada yake, Achol, huku ameinama asitoboe mabati kwa kichwa. Ndipo ikaja hii kazi ya majaribio. Masharti yalikuwa mafupi. Akishinda fainali ya leo, anapewa barua ya ajira, kocha mkuu wa Mbuni kwa miaka miwili. Akishindwa, kazi inakwenda kwa Adome, ambaye ukocha wake wote ameufanyia ndani ya simu, kwenye mchezo wa kubonyezabonyeza, tena hadi chaji iishe.

Na barua yenyewe imo ndani ya faili la mheshimiwa Erupe, mfadhili wa kombe na mgeni rasmi, ambaye tangu saa nane wanamsubiri.

"Kocha!" aliita Nyakuoth kutoka nyuma ya wazee, akirukaruka ili aonekane. Huyu ndiye mfungaji bora wa Mbuni, binti wa kambini kama Kon mwenyewe. "Kocha, sema tufanye nini! Hawa wazee watatumalizia saa!"

"Nyakuoth, wewe utakaa kule kwenye kona, halafu..."

"Kocha, pitia kwa mwenyekiti," katibu alimkatiza. "Hapa hatuongei ovyoovyo."

Lopeyok akasimama, akakohoa ndani ya kipaza sauti. Sauti ikatoka kwenye spika nne, ikavuka ukuta, ikawafikia hata wauza makaa wa ng'ambo ya barabara.

"Itifaki izingatiwe," alisema. "Mimi sina mengi. Hii mpira ya mwisho, kamati imekaa ikaona iende kwa mtoto wa Lodwar. Watu ya Kakuma wamefunga vya kutosha, tunawashukuru sana. Sasa mpira atapewa Akuwam. Atasimama chini ya ringi, upande wa kulia, na atafunga. Asanteni."

Makofi yakapigwa. Akuwam, msomaji, ni binti wa mwenyekiti. Msichana mwenyewe alijifunika uso kwa jezi.

"Baba jamani," alinong'ona, "Kitale wanasikia!"

Walisikia, tena vizuri. Kocha wa Kitale alikuwa ameshaanza kuwaonyesha wachezaji wake upande wa kulia.

Priii!

Refa Chelangat, mama mfupi kutoka Kapenguria, aliingia kati ya vigoda. Mama huyu alikuwa hacheki wala hachekeshwi.

"Dakika imekwisha. Watu wasio wachezaji wako ndani ya uwanja. Faulo ya benchi. Kitale watatupa mtupo mmoja huru, kisha mpira ni wa Mbuni."

"Refa, bado tuko ajenda ya pili!" Lopeyok alilalamika.

"Mtupo mmoja," Chelangat alirudia, "na ukiongeza neno ni wa pili."

Mwenyekiti akafunga mdomo. Watu wa Lodwar walioliona tukio hilo wanasema hawajawahi kuliona tena.

Kitale wakatupa, mpira ukazama. 59 kwa 57.

Wazee wakatoka wakiburuta vigoda, wakihakikishiana kwamba kosa ni la kocha. "Haheshimu mpangilio," alisema mmoja. "Amekaa sana Ulaya," alisema mwingine. Adome akampa Kon jicho la pole, lile ambalo mtu humpa marehemu.

Mchezo ukaendelea. Pasi ya kwanza ikaenda kwa Akuwam, maana mwenyekiti alikuwa amesimama mstarini, anaonyesha kwa kidole. Kitale watatu wakamvamia mara moja. Akageuka kushoto, kumefungwa. Akageuka kulia, kumefungwa. Mpira ukamgonga mmoja wa Kitale mguuni, ukatoka nje.

Mpira wa Mbuni! Sekunde kumi na moja!

Kon akabakiwa na taimauti moja, ya mwisho. Akainua mikono aiombe, kisha akaganda. Kwa pembe ya jicho aliwaona wazee saba wanainuka, kila mmoja anakamata kigoda chake. Katibu alikuwa ameshalowesha kidole kwa mate ili afungue ukurasa mpya.

Ikiwa ataomba taimauti, mkutano. Asipoomba, wasichana hawajui la kufanya. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliuona unga wa chapati, aliyaona mabati, alimwona Achol akimwambia kwa upole, "Si kitu, ndugu yangu," na ule upole ndio aliouogopa zaidi.

Lakini mkimbizi hakai foleni miaka yote ile bila kujifunza jinsi watu wa ofisi wanavyotembea. Kon alijua kitu kimoja tu duniani kinachoweza kumwondoa mwanakamati kwenye kikao.

"Mwenyekiti!" alipaza sauti, macho kayatoa. "Msafara wa mheshimiwa umefika getini! Na hakuna mtu wa kumpokea!"

Wee! Wazee wale mngewaona! Magoti yaliyouma tangu Krismasi yalipona palepale. Lopeyok alitangulia, maana anayefungua mlango wa gari ndiye anayekumbukwa. Katibu akafuata akilibana daftari kwapani. Adome aliwapita wote, viatu mkononi. Vumbi lilipotulia, pembeni ya uwanja kilikuwa kimebaki kigoda kimoja kilichosahauliwa, kimelala ubavu.

"Refa! Taimauti!"

"Imekubaliwa," alisema Chelangat, akatazama geti, akatazama uwanja. Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukataza.

Wasichana watano wakamzunguka Kon. Kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze, alikuwa peke yake na timu yake.

"Sikilizeni. Kitale wote wanajua mpira unakwenda kwa nani?"

"Kwa Akuwam," walijibu.

"Basi tusiwaaibishe. Akuwam, kimbia chini ya ringi, upande wa kulia, palepale baba aliposema. Paza sauti, dai mpira kama mtu anayedai haki yake. Nyakuoth, wewe tembea. Usikimbie. Tembea kama umechoka, nenda kona ya kushoto, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mpira utakukuta huko."

"Nikikosa, kocha?"

"Ukikosa tutarudi Kakuma, nitakufundisha kukanda unga."

Nyakuoth akacheka. Akuwam hakucheka. Alimtazama kocha usoni.

"Kocha, baba atakasirika kwamba si mimi niliyefunga."

"Na wewe utakasirika?"

"Mimi?" Akuwam alisema. "Mimi nataka kushinda tu. Kutangazwa kwenye spika nimechoka nako."

Filimbi ikalia. Akuwam akachomoka. "Mpira! Mpira! Nipe mimi!" alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. Kitale wawili wakamfuata, akaja wa tatu, na wa nne akasogea kusaidia. Nyakuoth akajikokota hadi konani, ameshika kiuno, ungesema anakwenda kununua chumvi. Mpira ukaruka juu ya vichwa vya wote, ukamfikia mikononi.

Alikuwa peke yake. Akaruka, akatupa.

Mpira ukagonga ringi. Ukagonga ubao. Ukarudi kwenye ringi, ukazunguka. Kon akafumba macho yote mawili.

Alichosikia kwanza ni ukelele wa akina mama wauza samaki waliotoka Kalokol, kisha filimbi ndefu ya Chelangat.

60 kwa 59. Mchezo umekwisha!

Kon alilia. Simung'unyi maneno, alilia wazi, mita mbili na sentimita tano za machozi, wasichana watano wakimning'inia mabegani. Ameshinda mechi nyingi nchi za watu, ambako baada ya mechi alikuwa anakula peke yake. Hii ilikuwa ya kwetu. Aliwaza barua. Aliwaza kumpigia Achol amwambie atafute mtu mwingine wa unga.

Kitale wakaja wakawapa mikono kiungwana, wakaanza kufungua viatu. Walitaka kulipita daraja la Kainuk kabla usiku haujakolea, maana njia ile ina wanyang'anyi, na dereva wao alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

Ndipo ikasikika honi nyingine. Tena king'ora.

Geti likafunguka, yakaingia magari manne meupe, vioo vyeusi, na vumbi lake. Mheshimiwa Erupe alikuwa amefika kwelikweli, anatoka Eliye Springs, kule ufukweni mwa ziwa, ambako samaki alikuwa mtamu kuliko ratiba. Pembeni ya gari la mbele alikimbia Lopeyok, ameshika mlango tayari, uso unang'aa.

"Kocha!" alipaza sauti kwa furaha. "Wewe ni nabii! Tumefika getini, dakika mbili tu, huyu hapa!"

Kon akaduwaa. Uongo wake ulikuwa umeshuka kwenye gari, unajipangusa vumbi kwenye suti.

"Ejok!" mheshimiwa alisalimia akiinua mkono. "Ejok noi!" watu wakaitikia. Akaketi kwenye kiti cha mapambo chini ya hema, akapewa maji baridi, akanywa. Akafungua faili, ikaonekana barua yenye mhuri.

"Naambiwa tumeshinda," alisema.

"Tumeshinda, mheshimiwa," Kon alijibu, akiinama kwa heshima.

"Hongera. Sasa chezeni nione."

Kon alidhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, mchezo umekwisha."

Lopeyok akajitokeza na karatasi ya ratiba, anaonyesha kwa kidole. "Hapa iko wazi. Namba tisa, mgeni rasmi atatazama mchezo. Namba kumi, mshindi atapatikana. Kumi haiwezi kutangulia tisa. Ikitangulia, hiyo ushindi haina kumbukumbu." Kisha akainama sikioni kwa Kon, akapunguza sauti. "Sekunde kumi na moja tu, kocha. Na safari hii Akuwam anafunga. Watu wote wanafurahi."

"Kitale wameshapanda basi!"

"Hiyo ni bora zaidi," Adome alichangia akivaa viatu. "Bila Kitale hata kufunga ni rahisi."

"Huyu kijana anafikiri," alisema mheshimiwa.

Sekunde kumi na moja. Kon alizipima kichwani. Ni nini sekunde kumi na moja? Akubali, wasichana warushe mpira kidogo, watu wapige makofi, apokee barua, alale usingizi. Miaka miwili ya kazi kwa sekunde kumi na moja. Hata Achol angemwambia akubali.

Lakini kifua kilikataa. Tangu utoto wake kambini, hakuna jambo lililowahi kuisha. Foleni ya chakula ilirudiwa. Picha ya kitambulisho ilirudiwa. Alama za vidole, maswali ya umezaliwa wapi, ruhusa ya kutoka na ruhusa ya kurudi, yote ni njoo Jumatatu, yote ni anza upya. Kitu kimoja tu alichokijua ambacho kikiisha kimeisha ni mchezo. Filimbi ikilia umeshinda au umeshindwa, hakuna bwana wa kukurudisha mwisho wa mstari. Ndiyo sababu aliupenda mpira huu, wala hakuwahi kumwambia mtu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema.

Mbuzi mmoja alilia nyuma ya hema, watu wakamtazama kwa hasira.

"Umesema?"

"Nimesema hapana. Wasichana wameshinda. Watu elfu nzima wameona. Mimi sitawaambia warudie kitu walichokimaliza."

Mheshimiwa hakukasirika. Wakubwa wa kweli hawakasiriki mbele ya watu. Alitoa kalamu mfukoni, akapiga mstari juu ya jina la Kon Dut, na juu yake akaandika jina jingine, polepole, kwa mwandiko mzuri.

"Adome," aliita. "Hongera, kocha mkuu. Endelea na namba tisa."

Kon aliiona barua ikipita mbele ya uso wake, ikaingia mkononi mwa yule kijana wa filimbi mbili. Ilimuuma, ikamuuma mpaka kwenye goti. Akasogea kando.

Adome akapuliza filimbi zote mbili kwa pamoja. "Haya, wasichana! Mjipange! Akuwam, upande wa kulia!"

Hakuna aliyejipanga.

Nyakuoth alitembea hadi katikati ya uwanja. Akakaa chini. Saruji ya Lodwar saa kumi na moja jioni bado inachoma, msomaji, tena yeye alikuwa na kaptula. Alikunja uso lakini hakuinuka. Akafuata wa pili, akakaa. Wa tatu, akakaa. Wa nne, akakaa. Chelangat akauokota mpira, akautia kwenye begi lake, akafunga zipu.

"Inukeni!" Adome alipiga kelele. "Ni amri!"

Walimtazama tu. Basi la Kitale lilikuwa limesimama getini, na madirishani zilionekana nyuso zimebanana.

Mheshimiwa akaweka glasi chini. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyoogopesha.

"Nani amewaambia hawa wakae? Ni huyu wa Kakuma?"

Askari wawili wakageuka kumtazama Kon. Kabla hajafungua mdomo, msichana mmoja tu aliyekuwa bado amesimama akatoka, akapita mbele ya hema, akakichomoa kipaza sauti mkononi mwa mwenyekiti.

"Si yeye, mheshimiwa. Ni mimi," alisema Akuwam, na spika nne zikasema naye. "Mimi Akuwam, binti wa Lopeyok, ndiye niliyewaambia. Hatuchezi tena leo. Baba kama anataka namba tisa, aingie acheze yeye."

Akakiweka kipaza sauti juu ya meza, akaenda, akakaa chini karibu na Nyakuoth.

Kicheko kikaanzia kwa wauza samaki, kikakatika kilipofika hemani. Watu wote waligeuka kumtazama Lopeyok. Mwenyekiti alimtazama binti yake. Akamtazama mheshimiwa. Akawatazama wazee wenzake sita, nao wote wakawa wanatafuta kitu chini.

Kisha akaanza kuvua koti, macho kwenye ringi.